Msimulizi na Picha Zake

Juu ya milima ya Usambara, upande ule ambao mtu akisimama ukingoni huiona nchi tambarare ya Korogwe na mashamba yake ya mkonge, pana mahali paitwapo Vugiri, ambapo baina ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika kazi ambayo hata watu wengi wa Tanga hawana habari nayo. Kazi hiyo ilikuwa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza mashariki na kati ya bara hili, na kuzitia filamu hizo sauti za wasimulizi waliosema kwa lugha za wenyeji. Ilijulikana kwa jina refu la Kiingereza, Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York, mlezi wake alikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni, na waliokabidhiwa uendeshaji walikuwa Meja Leslie Notcutt, mtu wa mitambo, na Geoffrey Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Filamu zilizotoka Vugiri zilifika 35, zote fupi, zote za mkanda mwembamba wa milimita 16, na zote, kwa asili yake, bubu. Mambo yake yalikuwa yale ambayo serikali na misheni ziliyaona kuwa ya lazima kwa raia: kuweka akiba posta, kulipa kodi, kujikinga na safura, kuzuia mmomonyoko wa udongo, kulima kahawa chini ya kivuli cha migomba, kutunza ngozi za mifugo, wala haikukosekana hadithi ya sungura na chui kwa ajili ya kuchangamsha watazamaji. Kwa kuwa gharama ya kunasa sauti ndani ya mkanda wenyewe ilizidi uwezo wa mfuko, na kwa kuwa filamu moja ilikusudiwa kusafiri kutoka kwa wasemao Kiswahili mpaka kwa Waganda, Wanyanja na Wabemba, usimulizi ulinaswa katika santuri, kila lugha na santuri yake, ili picha ibaki ile ile na msemaji abadilike kila lori livukapo mpaka. Lori hilo lilianza safari mwezi wa Septemba 1935, likapita Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda, na watu waliokusanyika usiku mbele ya kitambaa chake cheupe walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Natanguliza habari hizi kwa makusudi, kwa sababu leo tukizungumza juu ya kumkodi mtu mwenye sauti na ustadi ili azisimulie slaidi za semina, za mafunzo, za mahubiri au za kutangaza utalii, wengi hudhani kwamba jambo hili limezaliwa na kompyuta, ilhali mpango wenyewe, wa picha kukaa mbali na sauti na viwili hivyo kukutanishwa mbele ya watazamaji, ulikwisha jaribiwa katika milima hii hii kabla ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na matatizo yake yote.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mitambo. Santuri na mkanda ni watumishi wawili wasiojuana: kila mmoja huzunguka kwa mwendo wake, na mwendeshaji hana budi kuvianzisha kwa pamoja na kuomba viende pamoja mpaka mwisho. Mkanda ukikatika njiani na kuungwa, vipande vichache vya picha hupotea, na tangu hapo sauti hubaki nyuma ya picha. Msimulizi huendelea kueleza mgonjwa aliyelala kitandani huku machoni pa watu mgonjwa amekwisha pona na yuko shambani analima. Sindano ikiruka mchirizi, kinyume chake hutokea. Fauka ya hayo, sauti zilizonaswa kwa vifaa vya bei nafuu zilitoka na mikwaruzo mingi, na mikwaruzo mbele ya umati uliokaa uwanjani, upepo ukivuma na watoto wakilia, humeza maneno.

Tatizo la pili lilikuwa la watu, na hili ndilo lenye faida kwetu. Maafisa wa zama zile walipenda sana kurudiarudia kisa cha filamu ya malaria iliyoonyesha mbu amekuzwa akaenea kitambaa kizima, na wanakijiji, baada ya kutazama, wakasema kwamba wanawahurumia watu wa nchi hiyo yenye mbu wakubwa namna ile, maana wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kilitumiwa kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma picha, na juu ya msingi huo zikajengwa kanuni nzima za namna ya kumtengenezea filamu za polepole na nyepesi. Mimi nakisoma kisa hicho kwa namna nyingine kabisa. Kiwe kilitokea au kilitungwa, aliyekosa hapo ni mwonyeshaji aliyetandaza mbele ya watu picha ya mdudu bila ya kuwa na msemaji wa kutamka sentensi moja: huyu ni mbu yule yule akuumaye kila usiku, tumemkuza mara nyingi ili uuone mdomo wake. Picha haiwezi kusema ukubwa wa kitu, wala haiwezi kusema kitu hicho kilikuwaje jana, wala kwa nini kimekuwa hivyo, wala kwamba kingine kinachofanana nacho sicho. Hayo yote ni kazi ya sauti, na asiyeyatambua atarudia kosa la mbu hata akiwa na projekta ya bei kubwa.

Kazi ya Vugiri ilikoma mwaka 1937, serikali za makoloni zilipokataa kuigharimia zaidi. Notcutt na Latham wakaandika kitabu juu ya waliyoyaona, na katika filamu zile 35, tatu tu ndizo zilizosalimika katika hazina ya filamu ya Uingereza, mojawapo ikiwa ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Baada yake yalikuja magari ya sinema ya serikali, ambayo wazee wetu wanayakumbuka, na katika mengi ya hayo santuri iliachwa, mahali pake akawekwa mtu hai aliyesimama na kipaza sauti kando ya kitambaa, akisema kwa lugha ya watu waliokuwapo. Hata Japani, ambako sinema bubu ilikuwa na heshima kubwa, watazamaji walikwenda kumsikiliza msimulizi aitwaye benshi kuliko kwenda kumtazama mchezaji, na jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Kwetu sisi sanaa hiyo ilipata mfalme wake mjini Dar es Salaam, Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni na kuzifanya za nyumbani. Kenya leo wanaye DJ Afro, na Kampala wanao wengi wa namna hiyo. Mwalimu wa semina anayewadharau watu hawa kwa sababu kazi yao ni burudani angefanya vyema kukaa nao jioni moja, ajifunze namna wanavyojua wakati wa kusema na, zaidi, wakati wa kunyamaza.

Sasa tuingie ukumbini. Programu ya kutengenezea slaidi iliyoenea kuliko zote, PowerPoint, ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin, na mwaka huo huo kampuni yao ikanunuliwa na Microsoft. Tangu hapo imeingia katika kila ofisi, kila chuo na kila dayosisi, nayo Lushoto haikusazwa. Mji mdogo kama huu, wenye chuo cha uongozi wa mahakama, ofisi za halmashauri, makanisa na misikiti yenye miradi, na vikundi vinavyowapeleka wageni Irente na Magamba, hauishiwi semina. Niliketi katika semina mojawapo, mwezi wa Juni, baridi ikiwa imewafanya watu waje na makoti na vitenge mabegani, somo likiwa hifadhi ya udongo. Mwasilishaji, msomi na mtu mwungwana, aliwasha projekta, akatugeuzia kisogo, akaanza kuusoma ukuta. Slaidi ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na zaidi ya maandishi, ya pili ikaizidi, na ilipofika ya tano mzee mmoja wa kamati ya mazingira alimwinamia jirani yake akasema kwa sauti iliyotufikia wote wa nyuma, “Kijana wetu anatusomea, kwani sisi hatukwenda shule?”

Mzee yule, bila ya kujua, aliyatamka kwa ufupi yale ambayo mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara amekuwa akiyapima kwa miaka mingi. Mtu aonyeshwapo picha na kuelezwa kwa sauti, hufahamu zaidi kuliko aonyeshwapo picha ile ile na maelezo yaliyoandikwa, kwa kuwa jicho halitakiwi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na sikio, ambalo lilikuwa bure, hupewa sehemu yake ya mzigo. Na akiwekewa picha, na maandishi, na sauti inayoyasoma maandishi hayo hayo neno kwa neno, ufahamu hupungua, maana macho husoma kwa kasi kuliko kinywa, na akili hukaa ikilinganisha wawili hao badala ya kulifikiri jambo lenyewe. Ni sawa na mtu anayekusomea barua yako nawe umeishika mkononi. Mayer aliona pia kwamba maneno yenye sura ya mazungumzo huingia kuliko yenye sura ya taarifa rasmi. Hata hivyo yeye mwenyewe anaweka masharti, nayo yafaa yakumbukwe huku kwetu: wasikilizaji ambao lugha inayosemwa si yao ya kwanza, au wenye masikio mazito, au mahali ambapo pana jina jipya la dawa au la mdudu, maandishi machache ukutani ni msaada mkubwa. Kwa hiyo slaidi njema ibaki na picha, jina, na pengine tarakimu moja, na mengine yote yahamie katika sauti.

Hapo ndipo msimulizi wa kazi hii anapohitajika, na hapo ndipo watu hukosea kwa kudhani kwamba sauti nzuri yatosha. Sauti nzuri ni hiba ya Mungu, na wapo wengi waliopewa wasiweze kusimulia chochote. Ustadi wa msimulizi huanza katika maandiko, kabla ya kinywa kufunguliwa. Chukua mfano wa slaidi iliyokuwa katika semina ile ile, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini: “Utekelezaji wa afua za uhifadhi wa udongo kwa kuzingatia ushirikishwaji wa wadau katika ngazi ya kaya na jamii.” Hakuna mwanadamu awezaye kuitamka sentensi hiyo kwa namna ya kumfanya mkulima wa Mlalo ainue kichwa. Andiko la msimulizi, juu ya picha mbili za mteremko mmoja, lingekuwa hivi: “Tazameni shamba la kushoto. Mvua za masika zimepita humo, na udongo mweusi uliokuwa ukizaa maharage sasa uko mtoni. La kulia ni la jirani yake. Mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule. Lakini huyu alichimba matuta, na kingoni mwake akapanda majani ya Guatemala. Majani yameshika udongo, na ng'ombe wake wanayala.” Sentensi ni fupi, kila moja ina jambo moja, na kila jambo laonekana kwa macho wakati linapotajwa.

Mimi niandikaye makala haya napenda sentensi ndefu, kama msomaji alivyokwisha kuona, lakini sentensi ya kusomwa na sentensi ya kusikilizwa ni mbalimbali. Msomaji akipotea hurudi nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Hili katika Kiswahili lina uzito wa pekee, kwa sababu upatanisho wetu wa maneno hutegemea jina lililotangulia, na msikilizaji aliyelisahau jina hilo hawezi tena kujua “vilivyopelekwa” ni vitabu, vyombo au viazi. Kwa hiyo msimulizi mwerevu hulirudia jina mahali ambapo mwandishi angeona haya kulirudia. Maneno yetu pia ni marefu, kwani kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na namna. Msimulizi wa Kiingereza husema kiasi cha maneno 150 kwa dakika, nasi, kwa kadiri nionavyo, tukivuka 120 tumeanza kukimbia. Anayekabidhiwa slaidi zilizotafsiriwa, akaambiwa azisome kwa muda ule ule wa Kiingereza, ana haki ya kukataa mpaka andiko lipunguzwe.

Yapo na mengine madogo yenye taathira kubwa. Tarakimu zinazoandikwa “37.4%” hazifai kutamkwa mbele ya baraza la wakulima, “zaidi ya theluthi moja” huwafikia, na mwenye kutaka nukta ataiona ukutani. Saa ni mtego mwingine: ratiba nyingi za miradi huandikwa kwa saa za Kizungu, na msimulizi asiyekuwa macho huwaambia watu waje saa nane, nao huja saa nane za Kiswahili, mchana, mkutano ulioanza saa mbili asubuhi ukiwa umekwisha. Vifupisho navyo, ambavyo miradi huvipenda mno, havina maana masikioni mpaka vifunguliwe. Hata SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, na ambao wazee wanaukumbuka kwa jina hilo hilo, kwa kijana wa leo ni kelele tu mpaka aelezwe.

Kuhusu lafudhi nina maoni ambayo huenda wengine wasiyakubali. Aghalabu wanaotengeneza slaidi hutafuta sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam, yenye Kiswahili kilichonyooshwa kisichojulisha msemaji ametoka wapi, wakiamini kwamba hiyo ndiyo heshima. Yapo mambo ambayo yanaifaa sauti hiyo, kama tangazo la benki au maelezo ya sheria. Lakini slaidi ya matuta, ya chanjo au ya mbegu za viazi, inayokwenda kuonyeshwa Rangwi, Mtae na Bumbuli, hunufaika na msemaji ambaye Kiswahili chake ni fasaha, “dhahabu” hakuifanya “zahabu” wala “ghali” kuwa “gali”, na walakini wimbo wa sauti yake unamjulisha kuwa ni mtu wa milimani. Akifungua kwa salamu ya Kisambaa, “Onga maundo”, na kisha akaendelea kwa Kiswahili, amekwisha kusamehewa mengi.

Na katika milima hii sauti ya amri ina historia yake. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuokoa udongo, ukaenezwa baadaye sehemu nyingine za Usambara, na ndani yake wakulima walilazimishwa kuchimba matuta, na asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Watu waliuchukia, wanawake waliobeba sehemu kubwa ya jembe wakauchukia zaidi, na kabla ya uhuru ukaachwa. Sayansi yake haikuwa ya uongo yote, kwani mteremko mkali bila kinga hupoteza udongo, hata atawale nani. Mambo ambayo leo yanarudi kwa jina la hifadhi ya mazingira ni yale yale kwa sehemu kubwa, na msimulizi anayesema “mnatakiwa”, “ni lazima”, “hakikisheni”, kwa sauti nzito ya bwana shauri, huamsha katika vichwa vya wazee kumbukumbu ambayo mwenye mradi hakuinunua. Anayesema “tazameni” na “jirani yetu huyu alijaribu” hupokewa vingine. Huo ndio ustadi ambao mtu hulipiwa, na haupatikani kwa kuwa na koo zito.

Juu ya kunasa sauti yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa vifaa ni rahisi na kila fundi wa muziki wa mjini anavyo. Hata simu ya leo yenye kipaza sauti cha kubandika shatini inatosha kwa kazi za kijijini, ilimradi chumba kiwe kimya. Ukimya ndio wenye taabu. Lushoto nyumba nyingi ni za mabati, na mvua ya vuli ikianza kupiga juu ya bati hakuna sauti itakayoshindana nayo. Ikiacha mvua, huja jogoo, na jogoo akinyamaza, pikipiki hupanda mlima kwa gia ya kwanza. Wazoefu hufanya kazi usiku baada ya saa nne, katika chumba chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani na blanketi dirishani, kinywa kikiwa umbali wa shibiri moja kutoka kipaza sauti, na kando yake maji ya uvuguvugu, kwa maana chai ya maziwa hufanya koo kuwa na utelezi unaosikika. Andiko huwekewa alama kwa kalamu: mkwaju mmoja mahali pa kuvuta pumzi, mikwaju miwili mahali pa kunyamaza ili watu waitazame picha, na mstari chini ya neno moja, moja tu, litakalosisitizwa katika kila sentensi. Kila slaidi hunaswa peke yake na kupewa namba yake. Hapa ndipo tulipowashinda watu wa Vugiri: programu ya siku hizi huifunga sauti ya slaidi ya saba na slaidi ya saba, picha haigeuki mpaka sauti yake iishe, na bei ya mbolea ikibadilika mwakani, hurudiwa slaidi hiyo moja, nyingine zikabaki kama zilivyo.

Itaulizwa kwa nini mtu alipwe, maadamu kompyuta sasa husoma Kiswahili yenyewe. Ni kweli husoma. Microsoft wanazo sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, moja ya kiume iliyopewa jina la Daudi na moja ya kike iliyopewa jina la Rehema, na mwendo wao ni safi kuliko wa wasomaji wengi wa taarifa za habari. Kwa maelezo ya kupita, yanayobadilika kila wiki, kama bei za sokoni, sioni ubaya. Lakini sauti hiyo haijui kwamba picha iliyo mbele yake ni ya shamba la mtu aliyeketi ukumbini, wala haiwezi kusita kidogo kabla ya kutaja idadi ya watoto waliokufa kwa surua. Husoma lililoandikwa, na aliyeiandikia vibaya husomewa vibaya kwa utulivu mkubwa.

Mbali na msimulizi, mtu mwingine anayesahauliwa ni kiongozi wa mjadala. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi nchini kote, ilikuwa na sauti za watangazaji stadi redioni na vijitabu mikononi, walakini haikuwaacha wasikilizaji na redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na mshauri aliyefundishwa, redio ikizimwa yeye huuliza, na watu wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Slaidi zilizosimuliwa vizuri zina hatari ya kuwafanya wenye semina wakae kando wakinywa soda. Dakika kumi za usimulizi, kisha taa iwashwe na watu waseme, ni kadiri ninayoipendekeza. Zaidi ya hapo, hata sauti ya Lufufu ingechosha.

Yabaki mambo ya malipo na mapatano, ambayo kwetu huachwa mpaka ugomvi uzuke. Mwenye mradi akubaliane na msimulizi kwa maandishi, bei ikitajwa kwa andiko lililokwisha kamilika, na mabadiliko ya baadaye yakiwa na bei yake. Itajwe sauti itatumika wapi na kwa muda gani, kwa sababu iliyonaswa kwa ajili ya semina ya Soni haikuuzwa kwa ajili ya tangazo la redio, na siku hizi iongezwe kwamba haitafundishiwa mashine kuiga sauti hiyo. Na msimulizi, kabla hajapokea fungu la mwisho, adai kuisikiliza kazi ikiwa imekwisha kuungwa na picha, ili kama jina la Mtae limetamkwa visivyo lirudiwe usiku ule ule, kuliko lije kusahihishwa na watu wa Mtae wenyewe mbele ya mkuu wa wilaya.